Mtoto wa mfanyakazi ni yupi?

Shoga, hebu sikia ya leo.

Yule wakala wa bima alikuja kutuandikisha. Bibi akamuuliza kuhusu yule mtoto wa marehemu dada yangu tunayemlea, "Na Zubeda yumo?" Akasema, "Huyo mtoto wa marehemu dada yao? Haingii, hawakumzaa wao. Mpelekeni hospitali ya serikali."

Hapo Bibi akaanza kusema mambo ambayo hajawahi kutuambia!

Enzi za Mwingereza baba yake alikata mkonge hukuhuku Mlandizi. Bibi na binamu yake Swaumu, waliolelewa pamoja, wakashikwa na homa. Dresa, yule mhudumu wa dawa wa kampuni ya mkonge, akauliza, "Mtoto wa mfanyakazi ni yupi?" Mama yake akamwonyesha Bibi.

Kwa kidole, shoga. Kwa kidole tu!

Bibi akachomwa sindano. Swaumu akabebwa kwenda zahanati ya serikali, ambako hawaulizi wewe ni mtoto wa nani. Lakini ilikuwa mbali. Hakufika.

Na mimi hiyo bima ndiyo niliyoililia, unajua foleni za serikali zilivyonitesa.

Wakala ameshaondoka. Bibi kamshika Zubeda mkono, hamwachii.

Anamwita Swaumu.