Kadi Zimerudi Kwenye Kompyuta

Mbale, Jumapili

Baba yangu,

Assalaam alaykum. Goti linakuruhusu kufika msikitini, au Mama bado anakuzuia? Mimi ni mzima, na hasira zangu nazo ni nzima.

Uliniandikia nirudi nyumbani Bugembe, eti hapa hawaniheshimu. Soma kwanza, Baba, ndipo uniite.

Kiwandani hapa fundi wa kompyuta ni mimi peke yangu. Nilipoomba vitabu vya matengenezo na vipuri vya akiba, meneja aliniambia nitafute kwenye simu yangu. Basi nikakumbuka redio ulizokuwa ukitengeneza jeshini, kila moja na kadi yake iliyofungwa kwa uzi: iliugua nini, ilitibiwaje, nani aliishika mwisho. Nikafunga kadi kwenye kila kompyuta. Hata makarani wakaanza kutatua matatizo madogo wenyewe, kwa kusoma tu.

Jumanne meneja akasimama mlangoni. "Zainabu, hii makaratasi toa yote. Wageni nakuja kesho. Hapa si soko!"

Nikakataa. Akazing'oa mwenyewe, nyuzi zikakatika, akazipanga upya hata nyaya zilizomkera macho. Akasema wageni wakiondoka ataleta mafundi wa Kampala, mimi nitafute pa kwenda. Nililia chooni, sikufichi.

Kesho yake wageni wapo, lori la kwanza likapanda mizani, kompyuta ya mizani ikagoma. Skrini inawaka, uzito hausomeki. Malori yakajipanga hadi barabarani. Meneja akawapigia wale wa Kampala, wakamwuliza kumbukumbu za mashine zinasemaje. Alikuwa amezitupa kwenye ndoo ya taka.

Akanijia jasho likimtoka. Tatizo nililijua: alipopanga nyaya alichomeka waya wa mizani kwenye tundu jingine. Kadi ilisema kwa wino mwekundu, usihamishe waya huu.

"Nataka kadi yangu kwanza," nikasema mbele ya wageni.

Akachakura ndoo mpaka akaipata. Nikarudisha waya, uzito ukatokea. Kisha nikamsukumia kalamu.

"Bwana meneja, nani alishika mwisho? Andika jina yako."

"Zainabu, tafadhali..."

"Andika."

Akaandika. Habari za mafundi wa Kampala sijazisikia tena.

Kwa hiyo sirudi, Baba. Nisalimie Mama, na shangazi yangu msuka mikeka, na kaka aliyesema kazi hii nitaiacha kabla ya Ramadhani. Nawe nitumie ule uzi wako mgumu wa redio, mwingi. Atakayetaka kung'oa kadi zangu tena, aje na mkasi.

Binti yako, fundi,
Zainabu