Dagaa Wasio Wangu

Kirumba, Mwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinasemaje na hiyo baridi ya Njombe? Na baba, goti limepoa, au bado anakuficha? Mimi ni mzima, nala na kushiba, ila jua la huku limenibadilisha rangi hadi ukiniona utaniuliza jina. Ningekupigia, lakini haya kwa simu ningeishia kulia, ukadhani nimefiwa.

Unajua nauza dagaa hapa sokoni Mwaloni. Usichokijua, kwa kuwa simu yako ya kitochi haina mambo hayo, ni kwamba wateja wangu wengi hawafiki sokoni. Naweka picha na bei kwenye ukurasa wangu mtandaoni, wao wanaandika wanachotaka, nafungasha na kumpa bodaboda. Wapo wa Butimba, wapo wa Kiseke. Wengi sijawaona sura, lakini najua nani ana mjamzito nyumbani na nani hataki dagaa wakubwa.

Sasa mvua zilipoanza, dagaa hawakukauka vizuri. Wanaanikwa mchangani, mvua inawakuta palepale, wanageuka njano na kubeba mchanga. Wangu wakawa hivyo. Na mimi mwanao, badala ya kuwapiga picha hao niliokuwa nao, nikachukua picha ya dagaa weupe wanaometa kwenye ukurasa wa mtu mwingine, nikaiweka kama yangu. Huku wengi tunafanya hivyo, mama, wala hatuoni kama ni uongo.

Mama mmoja wa Kiseke, mwenye mgahawa, akaagiza makopo matatu ya sado. Alipopokea, akaweka picha ya mzigo wangu chini ya ile picha nzuri, akaandika maneno machache tu: "Binti, hawa ndio wale?" Kila mtu akaona. Siku mbili nzima hakuna aliyeagiza. Rehema, ambaye meza zetu zimepakana, akanishauri niyafute na nimfungie huyo mama asiandike tena. Kidole kilikuwa tayari. Nilijua wateja hao wakiniacha, sina kingine cha kunikalisha mjini, nitarudi nyumbani mikono mitupu.

Hapo ndipo nikakukumbuka na viazi vyako. Wenzako wote pale sokoni kwetu waliweka vizuri juu na vibovu chini. Wewe peke yako kile kilichokatwa na jembe ulikiweka juu kabisa, mteja akione kwanza.

Sikufuta. Nikachukua video ya dagaa wangu kama walivyo, nikiwachekecha na mchanga ukidondoka, nikasema hawa wamenyeshewa, wanafaa kwa kuku, bei ni ya chakula cha kuku, na ile picha haikuwa yangu. Kisha nikamwandikia yule mama: "Shikamoo. Siyo wale. Nimekosa, naomba nikurudishie hela yako." Nikaendelea kuchekecha hadi alasiri.

Akajibu: "Marahaba. Hao nimeshawapa kuku. Jua likirudi niletee wengine, ila picha upige mwenyewe."

Wafuga kuku walimaliza mzigo wote. Siku hizi wateja wakiniandikia, hata kabla ya bei wanauliza, leo wana kasoro gani? Nami nawaambia. Namshukuru Mungu, meza yangu ipo na kodi ya chumba nalipa.

Msalimie sana baba, na shangazi wa kwaya, na mjomba fundi cherehani, mwambie gauni alilonishonea bado linanitosha. Wewe una salamu kutoka kwa watu usiowajua. Niliandika pale mtandaoni kwamba haya nimefundishwa na mama yangu muuza viazi, wakaanza kukusalimu mmoja baada ya mwingine. Yule wa Kiseke aliandika, "Mwambie mama yako amelea."

Asante, mama. Na unisamehe. Pale sokoni kwetu nilikuwa nasimama mbali na meza yako, watu wasijue mimi ni wako. Hapa Mwanza nimewaambia wote.

Binti yako,
Tumaini