Fundi wa Kope

Jumatatu, 4 Agosti

Kope sita leo. Nne za jicho la kushoto, mbili la kulia. Mama Swaumu, jirani yangu, kaning'oa barazani kabla sijafungua cherehani, kichwa changu mapajani mwake, majivu kidogo vidoleni ili kope isiteleze kwenye kibano. Kisha nikamlaza yeye. Kwake nimetoa tisa. Analalamika kila siku kwamba mkono wake mzito na wangu mwepesi. Ni kweli, sibishi. Hapa mtaani wananiita fundi mara mbili, wa nguo na wa kope. Wanawake wanatoka hadi Chunyu kuja kulala mapajani mwangu.

Upepo wa mwezi huu hauna adabu. Vumbi hadi ndani ya sufuria. Macho yanatiririka tangu alfajiri. Nina sare za unyago za kushona, vitenge kumi na viwili, na mwenye mwali haachi kunikumbusha.

Naandika nyuma ya daftari la vipimo. Wateja hawafiki huku.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeshindwa kutunga uzi kwenye sindano. Nimejaribu mpaka mate yakanikauka mdomoni. Jicho la kulia lina ukungu, hilo nilishalizoea, mwaka wa pili huu. Leo na la kushoto limeanza. Nikishona mstari unayumba. Nimeweka mkono wa kushoto mahali pa kulia kwenye gauni la mtu, nikafumua, nikauweka tena palepale.

Nimeogopa. Hapa naweza kusema.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekwenda kijijini Nandagala kwa Mama. Nimemkuta anapukuchua mbaazi, anatupa mbovu upande kwa kuzigusa tu. Haoni kabisa, huu mwaka wa nne. Mke wa kaka anamtunza, hana shida, ila kumwona Mama anatafuta kikombe kwa kupapasa mkeka huwa kunanimaliza.

Bibi yangu naye alikufa hivyo. Sisi tunasema ni macho ya ukoo. Kope za wanawake wa ukoo wetu zinageukia ndani, zinachoma, tunang'oa, tunaendelea na maisha. Mama nilimng'oa mimi, tangu nina miaka kumi na miwili. Kila wiki. Pale ndipo nilipopatia mkono.

Leo akaniambia natembea kama mtu anayetafuta kitu chini. Nikasema vumbi.

Jumanne, 12 Agosti

Wamepita watu wa macho nyumba kwa nyumba. Nesi mmoja, mama wa makamo, mpole mpaka anakera. Akanimulika, akanigeuza vigubiko vya macho. Ni vikope, akasema, ugonjwa wa siku nyingi, unaambukizwa tangu utotoni kwa mikono, kwa vitambaa, kwa inzi. Umeacha makovu ndani ya kigubiko, ndiyo maana kope zimegeuka. Si ukoo. Jicho la kulia limeshachunika, lina kovu katikati, kuona basi. La kushoto bado linaokoleka, lakini si kwa muda mrefu. Kuna kambi ya upasuaji Nachingwea kuanzia tarehe ishirini na tano.

Nikamwambia sina shida ya kukatwa, ninaye wa kuning'oa. Nikajisifu kabisa, nikamwambia na mimi nang'oa wenzangu, mtaa mzima.

Hakunigombeza. Alisema hivi tu: "Mama, mnazong'oa zinarudi fupi na ngumu. Hizo ndizo zinazokwangua."

Nimerudi kwenye cherehani. Nimekanyaga pedeli bila nguo chini ya sindano, sijui kwa muda gani.

Jumatano, 13 Agosti

Niandike hili, maana kumwambia mtu siwezi.

Watu kama hawa walishakuja Nandagala zamani. Mimi nilikuwa nimekwenda kumng'oa Mama. Wakati ule Mama alikuwa anaona kwa jicho moja, anapika, anachambua ufuta, anakwenda shamba peke yake. Wakabisha hodi, nikatoka mimi. Walikuwa wawili, wana orodha. Wakauliza kama kuna mtu mwenye shida ya kope. Nikawaambia yupo lakini ana fundi wake, hahitaji kisu cha watu. Wakaniomba wamwone tu. Nikawaambia nendeni zenu. Nilikuwa nimeshika kibano mkononi. Wakaandika kitu wakaondoka.

Ndani ya miaka miwili Mama akapofuka.

Sikuwahi kuunganisha mambo haya mawili mpaka jana.

Ijumaa, 15 Agosti

Sijashona. Sijapika. Nimekaa naitazama mikono yangu. Naichukia.

Jumapili, 17 Agosti

Amekuja mwanamke wa Chunyu, amelala mwenyewe mkekani kama kawaida, akangoja. Nikamwambia sing'oi tena, aende akaandikishe jina. Akaamka, akajifunga kanga, akasema siku hizi nimekuwa mtu wa hospitali. Akaondoka bila kuaga. Njia yote ile, na macho yale.

Mama Swaumu naye tumegombana. Nilimweleza yote ya nesi, pole pole. Jicho lake la kushoto limeanza weupe, nililiona mwenyewe. Hataki. Anamjua mtu aliyekatwa na kope zikarudi. Nesi alishaniambia hilo hutokea, wengine hurudiwa, lakini Mama Swaumu alilishika hilo moja tu. Nikamwambia basi mimi simng'oi, na yeye asining'oe. Akanitazama kwa yale macho yake mekundu.

"Miaka yote nimekulaza mapajani kwangu. Leo mimi ndiye ninayekupofusha?"

Nilitaka kusema mimi ndiye ninayempofusha yeye. Halikutoka.

Jumanne, 19 Agosti

Bila kung'olewa siku nane. Kope zimeota zote. Kila nikipepesa ni mchanga. Nimefunga jicho la kushoto kwa kitambaa, la kulia halinisaidii, nimejigonga kwenye meza ya kukatia mpaka paja limevimba. Hivi ndivyo Mama anavyoishi. Sasa najua.

Nimempelekea fundi wa sokoni vitenge vya unyago. Yule anayeshona zipu kama anafunga gunia. Mwenye mwali amenisema mbele za watu, nami nimenyamaza, mimi nisiyemnyamazia mtu. Ametamka kabisa kwamba fundi kipofu ni wa kazi gani. Hakukosea.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimewaza nisiende. Si kwa kuogopa kisu. Nimewaza kwamba Mama haoni kwa sababu yangu, na mimi nikaponye macho yangu? Kwa haki gani? Acha yafe yote mawili, tulingane.

Nesi alipiga simu kukumbusha. Nikamwambia nitaona. Hata neno lenyewe limenichoma.

Jumatatu, 25 Agosti

Nachingwea. Nimekuja. Sijui ni uoga au ni uchoyo ulionileta.

Benchi refu la wanawake, wote tumeinamisha vichwa, kanga zimefunika uso kuzuia mwanga. Wanaume watatu tu. Sikuwa nimewahi kutuona kwa wingi namna hii. Mwanamke mmoja kutoka mashamba ya huko mpakani, Mmakonde, ana kibano amekivaa shingoni kwa uzi. Akaniuliza kama naweza kumtoa moja tu inayomsumbua, wakati tunangoja. Nilikaa juu ya mikono yangu.

Walinilaza. Sindano ya ganzi ndiyo mbaya, machozi yalitoka yenyewe. Baada ya hapo hakuna maumivu, kuna kuvutwavutwa tu. Nikasikia uzi. Naijua sauti ya uzi ukipita, nimeishi nao. Daktari kijana, mkono wake mwepesi kuliko wangu. Jicho la kushoto, kisha la kulia, lile wametengeneza lisiume, kuona halitaona.

Nilitegemea nusu siku. Kumbe ni muda wa kupinda upindo wa kanga moja, basi, kwisha.

Kwa muda ule tu, Mama angekuwa anaona.

Nililia chini ya bandeji, nesi akadhani ganzi imeisha. Anaandika kwa niaba yangu dada wa kitanda cha pili, msichana wa sekondari aliyemleta shangazi yake. Haulizi kitu. Namshukuru.

Jumanne, 26 Agosti

Bandeji zimetoka. Naandika mwenyewe. Kushoto naona: vigae vya sakafu, ndala za nesi, jina langu kwenye kadi. Kuna ukungu pembeni, nimeambiwa utabaki. Kulia ni ukuta mweupe.

Wenzangu wanacheka na kupeana pongezi. Mimi roho inaniuma.

Jumatatu, 8 Septemba

Nyuzi zimetolewa. Nimepepesa macho njia nzima ya kurudi nyumbani, hakuna kinachokwangua. Kumbe watu wengine wanaishi hivi. Kumbe jicho halina uzito.

Nimetunga uzi kwa jaribio la tatu. Wateja wameanza kurudi mmoja mmoja. Wanawake wawili wa mtaa wa juu wamekuja kunitazama vigubiko, wakavishika, wakauliza kama inauma. Wameandikisha majina, kambi inaendelea mwezi huu wote. Mama Swaumu hapiti tena barazani kwangu. Anazunguka kwa nyuma ya choo cha jirani, nimemwona. Anatembea mkono mmoja mbele.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimemwambia Mama.

Nilikwenda nimekusudia. Nilimsubiri mke wa kaka aende kisimani. Tuliongea Kimwera, hapa naandika Kiswahili, na huenda maneno hayalingani. Nikamwambia kwamba walikuja watu, kwamba ilikuwa inatibika, kwamba mimi niliwafukuza mlangoni. Nilisema nikiwa nimepiga magoti. Mtu mzima mimi.

Mama aliendelea na mbaazi zake. Alipukuchua ganda zima mpaka mwisho ndipo akasema.

"Nilikuwa nyuma ya mlango, Somoe. Nilisikia yote. Nilifurahi ulivyowafukuza, maana kisu nilikiogopa."

Nilimkasirikia. Sijui niliwezaje, lakini nilimkasirikia hadi nikasimama. Miaka yote hii hakusema. Kisha hasira ikaisha, ikabaki huzuni tu, ile ile, sasa ni yetu wawili. Haijapungua kwa kugawanywa. Nilikaa tukapukuchua pamoja mpaka kikapu kikajaa.

Wakati naaga akauliza kama Mama Swaumu ameshakatwa. Nikasema hataki hata kuniona. Akasema nimpeleke yeye kwa Mama Swaumu.

Jumatano, 17 Septemba

Nimemleta Mama mjini kwa bodaboda, nimemshika kiunoni kutoka Nandagala. Mama Swaumu alikuwa anapepeta. Aliponiona alitaka kuingia ndani, alipomwona Mama hakuweza, heshima ilimshinda. Akampa kigoda. Akamsalimu, Mama akaitikia marahaba, wakaulizana habari za nyumbani mpaka zikaisha.

Kisha Mama akaomba mkono wake. Akauchukua, akauweka kwenye macho yake mwenyewe, akaupitisha taratibu, la kulia na la kushoto. Mama Swaumu alitaka kuutoa. Mama akaushikilia.

Akasema kwa Kiswahili, ambacho huwa hakipendi, ili asikike vizuri:

"Mimi nimeng'olewa na mkono mwepesi kuliko yote Ruangwa nzima. Nitazame."

Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka pale. Nilisikia ninavyosifiwa.

Mama Swaumu aliutoa mkono. Alirudi kwenye ungo, akapepeta kidogo, akaacha. Halafu akaniuliza mimi, bila kunitazama, gari la Nachingwea huwa linaondoka saa ngapi.