Gayogayo Kumi na Wawili Niliowafuta

Jumanne, Embu. Baridi ya Julai, manyunyu tangu alfajiri, na mlima haujaonekana kwa wiki nzima. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vimekufa ganzi.

Mnaonisoma hapa mmezoea nije kuwachekesha. Binti wa Kiambere, aliyelelewa kando ya bwawa la stima, hajawahi kukanyaga ufuo wa bahari, eti anaandika tasnifu ya hisabati kuhusu samaki wa baharini. Mjomba wangu bado anauliza kama samaki huyo huliwa na ugali au na mukimo. Leo sina mzaha.

Kwa wageni, nieleze kidogo. Samaki wangu anaitwa gayogayo, yule bapa anayelala mchangani, macho yote mawili yakiwa upande mmoja. Hazaliwi hivyo. Akianguliwa huogelea wima kama samaki wengine, jicho huku na jicho kule. Siku zikifika, jicho moja huanza kuhama. Hupanda polepole, huvuka utosi, hutua kando ya mwenzake, na kuanzia hapo samaki hulala ubavu maisha yake yote.

Kazi yangu ni kuandika milinganyo inayoonyesha anavyotumia chakula. Anachokula huwekwa akiba mwilini. Akiba hiyo kwanza huutunza uhai wenyewe, moyo upige na mapezi yatikisike. Kinachobaki ndicho cha kurefuka na cha kukomaa, na kuhama kwa jicho ni sehemu ya kukomaa. Chakula kikipungua, kurefuka husimama. Ukimtazama huoni kitu. Anaogelea, yuko hai, ila haongezeki.

Hayo niliyaandika mwenyewe, tena kwa kujiamini kabisa.

Vipimo vyangu navipata kwa Zuhura, fundi wa maabara huko pwani, anayewafuga samaki hao kwenye matangi na kuwapima kila wiki. Mwezi uliopita nilikuta humo samaki kumi na wawili ambao urefu wao ulikuwa uleule wiki baada ya wiki. Nukta zao zililala chini kabisa ya mchoro na kuuharibu. Nikasema hili ni kosa la kupima, nikawafuta. Mstari ukapanda vizuri, msimamizi wangu Daktari Murithi akausifu, na nikapangiwa kuitetea tasnifu wiki ijayo.

Jana nilimtumia Zuhura mchoro ule, kumringia tu. Asubuhi hii akanijibu kwa ujumbe wa sauti.

“Dada yangu, kazi nzuri, mashallah. Lakini wale wadogo wangu kumi na wawili mbona siwaoni? Nimewapima mara tatu tatu kila mmoja, si kosa lile. Wenzao walikuwa wakiwapokonya chakula. Jicho lilianza kupanda, likakwama juu ya kichwa, wakafa vivyo hivyo.”

Akaniwekea na picha. Jicho limesimama utosini, halikufika lilikokuwa likienda. Nimefunga kompyuta na bado naliona.

Ningependa kusema kinachonisumbua ni huruma ya samaki. Siyo.

Nilipokuwa kidato cha pili, mama alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji chetu. Kila mwezi watoto walipimwa uzito kanisani. Mizani ilining’inizwa kwenye boriti, mtoto akavalishwa ile kaptula ya kitambaa yenye kamba, akapandishwa akilia kama anachinjwa. Mama alisoma mshale, mimi nikaandika, kwa kuwa nilikuwa bingwa wa hesabu na kila mtu alijua, mimi zaidi ya wote. Nilitia nukta kwenye kadi ya kliniki na kuiunganisha na ya mwezi uliopita.

Ulikuwa mwaka wa kiangazi. Ndengu zilikauka zikiwa na maua. Jirani yetu, Mama Wanja, alikuja na mtoto wake ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kusimama. Uzito wa Wanja ulikuwa uleule wa mwezi uliotangulia. Mimi nilijua mizani ilikuwa imeangushwa na punda njiani. Nilijua pia kwamba mstari wa mtoto hupanda. Sikumwambia mama. Nikatia nukta juu ya uzito uliosomwa, pale nilipoona ilistahili kuwa.

Mwezi uliofuata, mshale ukasimama palepale. Nikafanya vilevile.

Watoto wengine walipanda mizani hiyohiyo wakaonekana wameongezeka. Hilo halikunipitia akilini, au lilinipitia nikalifukuza. Hadi leo sina hakika.

Mama Wanja hakujua kusoma. Aliniuliza kama mtoto anakua kweli, maana nguo ya Krismasi bado ilikuwa inamtosha. Alikuwa ameshika pindo la nguo hiyo akinionyesha. Nikapitisha kidole kwenye mstari, nikamwambia anakua vizuri sana. Alishukuru, akamfunga mgongoni, akaenda zake. Alikuwa na nia ya kumpeleka hospitali siku hiyo, lakini nikawa nimemtuliza.

Wiki chache baadaye Wanja alishikwa na kuharisha, na siku mbili hakuzimaliza. Hakuwa na akiba yoyote mwilini.

Nimeishi na jambo hili bila kumwambia mtu. Nikienda nyumbani napita njia ya nyuma nisikutane na mama yake. Na kila nikichora mstari unaopanda, naiona ile kaptula ya kitambaa ikining’inia kwenye boriti, tupu, ikizunguka polepole.

Saa sita nilishindwa kuvumilia, nikampigia mama nikamwambia yote. Mama akitaka kumaliza mazungumzo huacha Kimbeere na kuingia Kiswahili cha mikutano.

“Wawira, hiyo maneno wachana nayo. Niliona hiyo kadi siku ya mazishi, nikajua ni mkono yako. Nilinyamaza juu ya vile ulikuwa mtoto. Yaliyopita si ndwele. Hata Mama Wanja alishakubali, ako na amani. Yeye husema ni maziwa yake ilikuwa mbaya. Ndio maana hawa watoto wengine hakuwanyonyesha, aliwapea ya ng’ombe.”

Nilikata simu bila kuaga. Sijawahi kumfanyia mama hivyo.

Nimekaa hapa mchana wote. Nimemkasirikia, halafu nimekumbuka kwamba alikuwa akinifichia mimi. Jumapili ngapi ameketi benchi moja na yule mama, wakashikiana kitabu kimoja cha nyimbo? Na yule mama alijifungua mara ngapi tena, mtoto akalilia ziwa, naye akamnyima kwa kuogopa kumuua?

Naona aibu kwamba nilidhani mzigo huu nimeubeba peke yangu. Mzito zaidi nilimtwisha yeye.

Samaki wa Zuhura nimewarudisha wote kumi na wawili. Mchoro umekuwa mbaya, milinganyo haikubaliani nao, na nimemwandikia Daktari Murithi kwamba wiki ijayo siwezi kutetea kitu nilichokiremba. Amejibu kwa neno moja, “Kwa nini?” Nitamjibu kesho. Hilo ni jepesi.

Jumamosi naenda Kiambere. Mama amenitumia ujumbe kwamba nikienda kwa jirani niende kivyangu, yeye hatakuwepo. Sawa. Sijui nitaanzaje, na sijui kama Mama Wanja atanifukuza au atalia. Ana haki ya yote mawili. Msamaha sitauomba siku hiyo, nisije nikamwongezea kazi.

Nitamwambia tu kwamba maziwa yake yalikuwa mazuri.