Kisogo Changu Ulikijua Wewe

Mama Neema,

Zamani, nilipokuwa nafundisha Mitundu na wewe umebaki Manyoni na mtoto mchanga, kila barua yangu ilianza na hofu na mashaka juu ya hali yako. Safari hii sina hofu juu yako. Huko uliko mgongo hauumi tena, wala hakuna anayekuamsha akuchome sindano. Hofu ilikuwa juu yangu mimi, na ndiyo maana nimekaa barazani na daftari, nikueleze habari za kichwa changu. Usianze kucheka.

Nyumbani hatujambo. Alizeti mwaka huu zimekubali. Yule jogoo wako mkorofi yupo, bado ananifukuza mpaka chooni. Mlango wa jikoni nimeutengeneza mwenyewe, unafungika ukiusukuma kwa goti. Mlenda pia najipikia, ingawa wa kwangu unavutika kutoka kwenye sufuria mpaka mlangoni. Wewe ungesema nimezidisha magadi. Hakuna wa kuniambia, kwa hiyo nazidisha.

Sasa kichwa. Unazikumbuka zile Jumamosi zetu, nyuma ya nyumba, upande wa ukuta wenye kivuli? Mimi kwenye kigoda, kanga yako kuukuu imefungwa shingoni, madaftari ya watoto mapajani. Nilikuwa nasahihisha madaftari na wewe unasahihisha kichwa. Miaka zaidi ya thelathini. Na muda wote huo ulikuwa unaongea, hasa ukiongea na nywele zenyewe. Nikitikisika ulinipiga chanuo kwenye bega ukahamia Kinyaturu, nami nikajua nitulie. Mara nyingi sikuwa nasikiliza, Mama Neema. Naomba nilikiri hilo mapema.

Tulipokuzika, ndugu walinikalisha wakaninyoa nywele zote kwa wembe, kama ilivyo desturi. Hilo halikunisumbua, maana upara hauhitaji maelekezo. Shida ilianza zilipoota.

Nilikwenda saluni ya Saidi, pale karibu na stendi. Unamkumbuka Saidi, wa wale wauza vitambaa, niliyemfundisha darasa la nne, aliyekuwa anakaa dawati la mwisho na kujificha nyuma ya mwenzake kila nikiuliza swali? Sasa ni mtu mzima, ana watoto wawili na vioo vikubwa pande zote. Akaniamkia vizuri, shikamoo Mwalimu, akanifunika kitambaa, akaniuliza aninyoe vipi. Nikamjibu, "Kama kawaida."

Kawaida ipi? Kawaida yangu ulikuwa nayo wewe, na uliondoka nayo. Saidi angeijulia wapi? Akanifanyia kawaida ya vijana anaowanyoa kutwa nzima. Mashine namba moja kichwa kizima, panja zikachongwa kwa wembe mpaka zikawa na kona, na kisogoni akaipandisha mashine kutoka shingoni kwenda juu. Nilipojiona kwenye kioo nilifanana na mchezaji wa mpira aliyegoma kustaafu. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia safi sana, ahsante. Siku tatu baadaye kisogo kizima kilikuwa vipele vitupu, siwezi hata kuvaa shati lenye kola.

Mara ya pili nilijiapiza kwamba nitasema. Nikakaa, nikakohoa, nikasema, "Safari hii iwe nzuri zaidi kidogo." Saidi akaitikia ndiyo Mwalimu, akafikiri sana, maskini, akaenda kuchanganya rangi nyeusi akanipaka kichwa chote. Mimi nikiwa nimefumba macho. Jumapili kanisani bibi mmoja aliniuliza kama yule mdogo wangu wa Issuna amehamia huku.

Hayo yote ningeyacheka peke yangu yakaisha. Lakini wiki hiyohiyo Neema alikuja kutoka Singida mjini, bila taarifa, kama kawaida ya manesi wakipata siku moja ya mapumziko. Hakucheka. Alinizunguka, akanishika shingo pale penye vipele, akaangalia shati lililokosa kifungo, halafu akaenda kukaa jikoni kwenye kile kiti chako kifupi. Nikamsikia analia.

Unajua kwamba amepata mchumba, yule kijana wa Kigoma uliyemwona mara moja hospitali na ukaniambia ana macho ya mtu anayesikiliza. Wazee wake walishakuja, tukakubaliana harusi iwe baada ya mavuno, halafu Neema ahamie kwa mwenzake Kigoma. Sasa mtoto akaniambia, "Baba, nikikuacha hivi, nitaolewaje kwa amani?" Akampigia mchumba wake mbele yangu akamwomba wasubiri, pengine mwaka mwingine, pengine zaidi. Nilijaribu kubisha kwamba ni nywele tu. Akasema siyo nywele. Akasema mimi hata shati likinibana sisemi, na mama ndiye aliyekuwa anasema kwa niaba yangu, kwa daktari, kwa fundi cherehani, kwa mchungaji. Nani atasema sasa, akaniuliza.

Iliniuma, Mama Neema. Iliniuma kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mtoto wetu alikuwa anaahirisha maisha yake kwa ajili ya kisogo changu. Mimi niliyekaa mbele ya madarasa miaka yote ile nikiwaambia watoto wa watu simama, toa sauti, jibu kwa sentensi kamili.

Alipoondoka nilitoa lile kopo lako la biskuti kutoka kwenye sanduku. Mkasi umo, chanuo limo, kipande cha kanga kimo na nywele zangu mbili tatu nyeupe bado zimenasa kwenye pindo. Nikatoa kigoda nje nikakiweka palepale ukutani, nikakaa, nikafumba macho. Nikaanza kukusikia. Sijui nieleze vipi. Maneno niliyodhani yalipita tu juu ya kichwa, kumbe yalikuwa yameingia. "Kisogoni zinaota kwenda chini, na mimi nashuka nazo, sishindani nazo." Na pale juu ya sikio la kushoto, kwenye kovu la fimbo ya machungani, ulikuwa unasema hapa mkasi tu, chuma kingine kisifike. Panja uliziacha kama zilivyo, ukasema ukizichonga nitafanana na bwana harusi na wewe huna mpango wa kupata mke mwenza. Na mvi ziachwe, nimezipata kwa watoto wa watu.

Nikaingia ndani nikachukua kalamu. Nikaandika andalio la somo, Mama Neema. Mada: kichwa. Zana: mkasi, chanuo, kioo kidogo cha kuangalia nyuma. Rejea: Mama Neema. Hatua ya kwanza mpaka ya mwisho, kwa mwandiko wa ubaoni. Nikaongeza na ile picha ya siku waliponiaga shuleni, maana Jumamosi ya kabla yake ulikuwa umenikata ukaridhika, mpaka ukarudi nyuma hatua mbili kuniangalia.

Nilisubiri rangi ififie na nywele ziote za kutosha, halafu nikaenda asubuhi mapema, Saidi akiwa bado anafagia. Nilimwambia kabla sijakaa, maana ningekaa ningenyamaza. Nilimwambia kwamba mara ya kwanza sikupenda, na ya pili sikupenda zaidi, na kosa ni langu kwa sababu sikusema ninachotaka. Saidi akaegemeza ufagio. Akasema alijua. Aliona uso wangu kwenye kioo mara zote mbili, na wiki nzima baada ya ile rangi alikuwa anakwepa kupita barabara ya nyumbani kwetu. Basi kwa nini hukuniuliza, nikamwambia. Akajibu akiangalia chini, "Mwalimu, mimi sijawahi kukuuliza swali tangu darasa la nne. Ulisema anayeuliza hakusikiliza."

Nilisema hivyo kweli. Nililirudia neno hilo kila mwaka, kwa kila darasa, na nilidhani nafundisha usikivu. Kumbe tulikuwa tumekaa pale, yeye ananiheshimu na mimi naona haya mtu mzima kudai kupendezeshwa, na adabu yetu sote ndiyo iliyonitoa vipele. Nikamwambia, "Saidi, leo uniulize. Usipouliza sitaki kunyolewa."

Akaanza polepole. Alisoma andalio langu lote, akaniomba ruhusa apitishe vidole kisogoni, akaona mwenyewe nywele zinaelekea wapi. Akaniuliza kama ngozi inawasha kila nikinyolewa au ni kwa wembe tu. Akanionyesha kwa vidole urefu wa juu, hivi au hivi, akasubiri nijibu. Akaweka picha kwenye kioo. Alipofika kwenye kovu nikatoa mkasi wako kutoka mfukoni, akaupokea kwa mikono miwili. Akawa anakata kidogo, ananionyesha, anakata kidogo tena. Alipoona nimekunja uso alisimama akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia upande wa kulia bado mzito. Nilisema, Mama Neema, na mbingu hazikuanguka.

Halafu akauliza kitu ambacho hakikuwa kwenye karatasi. Alikuwa amefika mbele, pale ulipokuwa unaziacha ndefu ili zilale juu ya upara. Akasema haya yote ni maagizo ya mama, ameyaona, na wewe mwenyewe Mwalimu, mbele unapenda iweje?

Sikuwa nimewahi kuulizwa, na kusema kweli sikuwa nimewahi kujiuliza. Wateja wawili walikuwa wameshafika wanasubiri. Nikajitazama, nikakuta kwamba nina jibu. Nilimwambia mbele ipunguzwe, upara uonekane. Siuonei aibu.

Hilo ndilo nililotaka kukuambia tangu mwanzo wa barua, nikazunguka na habari za jogoo. Kuna kitu kimoja nimebadilisha. Kama umekasirika nipige chanuo.

Nilipotoka pale nilikuwa nimependeza, na nakuambia bila kujisifu kwa sababu wewe ndiye wa kusifiwa. Nilipita sokoni nikanunua nyanya ambazo sikuzihitaji, ili tu watu wanione. Shingo leo ni wiki ya tatu, hakuna kipele hata kimoja.

Neema alikuja juzi. Safari hii nilimpikia mimi, nikamwambia shati lile linanibana na nimelipeleka kwa fundi likafumuliwe, na dawa za presha nimemwambia daktari zinanizungusha kichwa akanibadilishia. Alikuwa ananisikiliza kama anayesikia redio ya nchi nyingine. Nilipoinama kuchukua maji akanishika kisogo, akakitazama sana, sauti ikabadilika.

"Baba, nani amekunyoa?"

Nikamwambia, "Mama yako. Isipokuwa mbele. Mbele ni mimi."

Tulilia wote wawili, nisikufiche, halafu tukacheka, na ugali ukapoa. Kabla hajaondoka alimpigia mwenzake wa Kigoma. Harusi ni baada ya mavuno, kama tulivyopanga.

Nenda kapumzike sasa, mke wangu, usiendelee kunisimamia mlangoni. Nakuahidi kwamba asubuhi ya harusi nitakaa kwenye kiti cha Saidi na mkasi wako mfukoni, nitasema kila kitu kwa sentensi kamili, halafu nitamshika mtoto wako mkono tukaingie kanisani. Watu wote watakuwa wanakiona kisogo changu, na watajua kuna mtu aliyekipenda. Na siku nikikufikia huko, mbele uniachie mwenyewe. Anza kunikagua kisogoni.

Mumeo,
Baba Neema