Jikoni kwa Mama

Jumanne, 10 Juni
Mvua tangu jana. Kawetele yote ukungu. Nimeamka, Mama keshawasha moto na chai imechemka. Huijua kwa kifuniko cha birika kilichopinda. Kikianza kugongagonga, anainuka. Birika lile limenizidi umri. Mkono umefungwa waya, tundu lilizibwa na fundi wa Bulyaga. Chumvi anaiweka kwenye kopo lililobonyea ubavuni, sukari kwenye kopo refu lenye kutu mdomoni. Mwiko umeungua upande mmoja. Anavitumia kila siku na hakosei.

Hakosei, na haoni. Jicho la kulia lilikwenda mwaka juzi, la kushoto likafuata. Najua mimi tu. Amenikataza kumwambia kaka Ambakisye, maana atamchukua akakae kwake Dar. Mama anasema huko atakuwa mtu wa kukalishwa kwenye kochi. Hapa bado ana jiko lake.

Alhamisi, 12 Juni
Kaka amefika, gari limejaa maboksi. Jumamosi wakwe wanakuja, wazazi wa binti ambaye mwana wa Kaka anataka kumuoa. Wanataka kuona kijana ametoka nyumba gani. Kaka amechungulia jikoni, amekunja uso. Sijaupenda ule uso.

Ijumaa, 13 Juni
Nimetoka kwenye cherehani yangu Bulyaga jioni, nimerudi, jikoni si kwetu.

Jiko la gesi. Sufuria zinazong'aa. Makopo ya plastiki, yote sawa, yamepangwa mstari. Kaka kayabandikia karatasi: CHUMVI, SUKARI, MAJANI. Kaandika kwa herufi kubwa ili Mama asipate shida. Nilitaka kucheka, nikalia.

Vya zamani vyote kampa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mwiko umeishia motoni. Chungu chake cha udongo, cha Kisi, kilivunjika wakikibeba. Mafiga yametupwa kwenye migomba. Kaka ana furaha, anazungukazunguka kama bwana harusi. Na ni mtu mwema, ndiyo inayoniuma. Katumia likizo yake yote kwa hili.

Mama alikuwa amekaa, mikono mapajani. "Ndaga fijo, mwanangu," akamshukuru. "Umenitoa aibu." Nikavuta pumzi niseme. Akanisikia, akatikisa kichwa. Chakula kimenishinda.

Jumamosi, 14 Juni
Siku mbaya.

Mama aligoma kupikiwa. Mkwe hawezi kuingia mara ya kwanza akala chakula cha mkono mwingine wakati yeye yu hai. Basi nikamwashia gesi, nikamshika mkono, nikamwonyesha: chumvi ni kopo la kwanza kutoka ukutani. Nikatoka kupokea wageni.

Kaka akapita jikoni nyuma yangu. Akaona karatasi za makopo zimetazama ukutani. Akayapanga upya ili zisomeke, sukari ikawa ya kwanza kutoka ukutani.

Mama haonji akipika. Alizoea kupima kwa kiganja; leo kila kopo lina kijiko chake ndani. Ndizi zimekuja mezani tamu kama uji wa mtoto. Wakwe wakala kidogo, kwa adabu. Baba mkwe akasema chakula kizuri, akamaliza maji yote. Lakini Mama alisikia vijiko vimetulia.

"Mbona hamli?"

Mama mkwe akaanza kuzungumzia barabara ya kwao.

Walipoondoka Kaka akaniuliza, mbele ya Mama, tangu lini akili zake zimeanza kuruka. Nikafungua mdomo. Nilikuwa nasema, wallahi nilikuwa nasema. Mama akaniwahi.

"Ni uzee, Ambakisye. Nasahau sana siku hizi."

Amekubali kuonekana kachanganyikiwa ili asijulikane haoni. Kaka akafuta machozi. Akasema basi, Mama abaki hapa na mimi, lakini asipike tena. Jiko kanikabidhi mimi. Sijawahi kuumia hivi, hata siku niliyopewa talaka.

Jumatatu, 16 Juni
Kaka kaondoka jana. Leo sikufungua kazi. Nimekwenda kwa mnunuzi wa vyuma. Lori lake lilishakwenda Mbeya na mzigo wote. Akanicheka: dada mzima analilia birika bovu. Nimemtukana mbele za watu. Sijutii.

Mafiga nimeyaokota. Nimeyarudisha mahali pake, au karibu na mahali pake. Sikumbuki vizuri yalivyokaa. Nani huwa anatazama mafiga?

Alhamisi, 19 Juni
Nilipanda bodaboda hadi Isongole kwa rafiki yangu. Bibi yake ana birika la aina ileile, kuukuu vilevile. Kanipa. Nikalifunga waya kwenye mkono. Kifuniko nikakipinda kwa nyundo. Kopo la chumvi nikatafuta jingine, nikalibonyeza ubavu. Nilifanya kazi nikiimba, mjinga mimi.

Nikampa Mama birika. Akalipapasa polepole. Mkono, mdomo, tumbo, kitako. Nikaona uso wake unafunguka, kisha unajifunga. Akanirudishia.

"La nani hili? Lirudishe, mwanangu. Mwenyewe atakuwa analitafuta."

Nimelilia kwenye migomba asinisikie. Nadhani alisikia.

Jumatano, 25 Juni
Baridi. Mama anakaa sebuleni kutwa. Nikimuuliza ale nini, anasema chochote kilichopo. Huyu aliyekuwa ananigombeza kwa kumenya ndizi vibaya! Leo nimezimenya vibaya makusudi, nikamwekea maganda karibu na mkono. Akayagusa. Akayasogeza kando.

Kaka kapiga simu. Anasema sauti ya Mama imetulia, anaonekana anapumzika vizuri.

Jumapili, 6 Julai
Kumekucha bila mvua. Mlima Rungwe umeonekana wote. Sikwenda ibadani.

Nilikuwa namenya viazi nikasikia nyayo za Mama. Taratibu, mkono ukipapasa ukuta. Zikaja mpaka mlango wa jikoni, zikasimama. Nikaacha kisu. Nikangoja aingie.

"Hodi," akasema.

Mlango wenyewe ulikuwa wazi.

"Karibu, Mama."

Akaingia hatua moja. Akauliza akae wapi.