Picha Mbili, Jicho Moja

S.L.P. 418,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro,
9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na mgongo umepunguza visa. Sisi tunakohoakohoa tu, lakini tunasonga. Najua nimekaa kimya mpaka umeninunia, utanichapa nikija.

Kazi bado ni ile ya michezo ya kompyuta, unayoiita "kulipwa kwa kucheza". Sasa nimepewa kutengeneza kina. Kila kitu nakichora mara mbili, picha ya jicho la kulia na ya jicho la kushoto, kisha naziachanisha kidogo. Mchezaji akivaa miwani yake maalumu, ubongo unaziunganisha, na shimo linakuwa shimo kweli, mtu anaogopa kulikanyaga.

Ila mimi shimo langu nililiona bapa kama sahani. Nikazidi kuziachanisha picha, wiki nzima, huku nikiilaumu miwani. Jumatatu tukawapa watu waujaribu mchezo. Loo! Mmoja alitapika kwenye kapu la karatasi, mwingine akashika ukuta kama mlevi. Mchoraji mwenzangu, tunayemwita Kipimo, akanifokea, "Wewe, hilo shimo litameza mtaa mzima! Hulioni?"

Nikabisha, si unanijua. Akaniambia nifumbe jicho la kulia. Shangazi, picha ikawa ukungu mtupu. Nikasingizia vumbi, nikaenda kulia chooni.

Tarehe ishirini na sita namwona daktari wa macho. Bosi sijamwambia. Akijua kina chake kinapimwa na mtu wa jicho moja, kazi sina.

Lakini si kazi inayonitia kiwewe. Jana binti yangu alikuwa anapaka rangi, nikamwona anageuza kichwa upande, anatazama kwa jicho la kulia tu. Ana miaka minne, Shangazi. Sisi tangu utotoni tumeambiwa jicho lako la kushoto lilipofuka kwa kugongwa na mpira, na Baba, Mungu amrehemu, kila akiulizwa alibadilisha mazungumzo.

Nisalimie mumeo, fundi wetu wa cherehani. Nisalimie na Bibi, ila haya usimwambie. Mungu akulindie jicho lililobaki, na yetu pia.

Usinipoze, tafadhali. Nipigie kabla ya hiyo tarehe, nijue kama niende kwa daktari peke yangu au niende na mtoto. Kulikuwa na mpira kweli?

Ni mimi mwanao mbishi, nikupendaye sana.